Pijo ya Mugutha

Msafiri atokaye Ruiru kuelekea Juja kwa barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, anaweza kuipita Mugutha pasipo kujua kwamba ameipita. Zamani kandokando yake ilitanda mikahawa. Leo yametanda mabango ya ploti. Katika mojawapo ya ploti hizo, ndani ya banda la mabati lililowahi kuwa ghala la mbolea, limeegeshwa gari ambalo wapita njia hawakosi kulisimamia: Peugeot 404 yenye rangi ya maziwa. Nambari yake ya usajili ni herufi tatu na tarakimu tatu, yaani ilitolewa kabla ya mfumo wa KAA kuanza mwaka wa 1989. Katika kioo cha mbele kumebandikwa kipande cha kadibodi chenye neno moja tu: LINAUZWA.

Mwenyewe ni fundi mstaafu, mzee wa miaka sabini na ushei. Gari hili alilikuta nyuma ya stoo ya shamba fulani, kuku wakitagia kiti cha nyuma, akalinunua kwa bei ya chuma chakavu. Kulifufua kulimchukua miaka kumi na mmoja. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hata mtu aliyeketi ndani aliweza kuona majani chini ya miguu yake. Aliikata yote, akachomelea bati jipya kipande kwa kipande. Vipuri alivisaka Kirinyaga Road, Nairobi, ambako watu wa rika lake wangali wanakuita Grogan. Kioo cha taa moja ya nyuma pekee kilimtoa jasho kwa miaka miwili. Injini, ambayo ujazo wake ni sentimita 1,618, aliishusha na kuipandisha mara tatu. Humpendeza kuwaonyesha wageni jinsi injini hiyo ilivyolazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti ipate kuwa ya chini, na jinsi gia zinavyobadilishwa kwa mkono uliopachikwa penye usukani. Watoto wa jirani hawaamini kwamba gari linaweza kuwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya bampa, mpaka awawashie.

Huko Ufaransa, 404 iliyozinduliwa mwaka wa 1960 ilikuwa gari la familia za kadiri, ingawa umbo lake lilichorwa na Pininfarina, msanii wa mabodi kutoka Italia. Anasa iliwekewa toleo jingine. Lilionyeshwa Paris mwaka wa 1961 bila paa la chuma, na bodi yake ilitengenezwa na Pininfarina huyohuyo mjini Turin. Afrika Mashariki, hata hivyo, heshima ya Pijo haikutokana na kukosa paa. Ilitokana na matope. Katika mashindano ya Safari ya mwaka wa 1963, magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walishinda kwa 404 mwaka wa 1966 na tena mwaka wa 1967. Mwaka wa 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7 vilevile, na Nowicki na Cliff wakawa wa kwanza kwa mara ya pili. Baada ya hapo mwalimu mkuu aliyeinunua Pijo hakuhitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini. Ile yenye mgongo mrefu ilibeba abiria wa Nakuru na Nyeri hadi dada yake, 504, ilipoipokea kazi hiyo.

Sasa banda lenyewe halina siku nyingi. Shamba la ukoo limegawanywa. Sehemu yenye banda ilimwangukia mpwa, naye mpwa ameiuza. Mnunuzi anataka kuchimba msingi mwezi wa Januari. Boma la mzee halina nafasi ya gari ila nje, mvuani, na mzee anajua vyema mvua hufanya nini.

Wanunuzi wawili wamekwisha kufika. Wa kwanza ni kijana kutoka Thika mwenye biashara ya kukodisha magari ya harusi. Alilizunguka gari taratibu, akapapasa mapezi ya nyuma, akakiri kwamba hajapata kuona kazi safi namna hiyo. Bei aliyoitaja ilimfanya mzee akae chini. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba atalikata paa. Maharusi siku hizi wanataka kusimama na kupunga mikono, na kupata Pijo halisi iliyo wazi kutoka ng'ambo ni muhali, maana sheria ya Kenya huyazuia magari yaliyozidi miaka minane kuingizwa nchini.

"Kijana wangu," mzee akasema, "gari hili halina fremu chini yake kama lori. Paa ndilo linaloshika mbele na nyuma. Ukilikata, litapinda kiunoni kama ng'ombe mzee, na milango haitafunga. Wenyewe walipotaka kuliacha wazi, waliimarisha sakafu kwanza."

"Tutaweka vyuma, mzee wangu. Na ukishapokea pesa, si gari ni langu?"

Hilo la mwisho halikupata jibu. Ni vigumu kulijibu, kwa kuwa ni kweli. Anayeuza kitu huuza pia haki ya kukionea uchungu. Walau ndivyo soko linavyotaka. Mkewe, ambaye amelivumilia gari hilo kwa miaka kumi na mmoja, alilisema waziwazi jioni hiyo: "Ng'ombe wetu tuliwauza, na hukuuliza watachinjwa wapi."

Mnunuzi wa pili alitoka Karen. Huyu ni mkusanyaji wa magari ya kale na mpenzi wa lile shindano la umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, lililoanza Nairobi mwaka wa 1970 na ambalo waamuzi wake huchungulia hata chini ya gari. Naye alikuja amejiandaa kuchungulia. Alilala chali juu ya gunia, akamulika kwa tochi, akaiona mishono ya kuchomelea iliyo kwenye sakafu. Akasema rangi si ile ya kiwandani na mishono si ya kiwandani. Kwamba atalazimika kuifumua kazi yote na kuanza upya. Paa hangeligusa, la hasha. Akataja nusu ya bei ya kijana wa Thika.

Kwa hiyo yule anayetaka kulikata gari ndiye aliyeiheshimu kazi, na yule anayetaka kulihifadhi ndiye aliyeidharau. Mzee alilitafakari jambo hili siku kadhaa, akilifuta gari vumbi ambalo halikuwapo. Mkewe alimhesabia majuma yaliyosalia hadi Januari. Kijana alipiga simu mara mbili, kwa adabu, akaongeza bei kidogo. Wa Karen hakupiga.

Jumamosi asubuhi mzee alikibandua kile kipande cha kadibodi, akakiweka juu ya boneti, akatafuta kalamu ya wino mzito. Alipokirudisha kwenye kioo, neno la awali lilikuwa palepale, na chini yake, kwa herufi ndogo zilizopangwa vizuri, palikuwa na nyongeza: PAMOJA NA PAA LAKE.