Saba ya Kopa

Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Kwangu, milima ilikuwa karibu na binadamu ndiye aliyekuwa mbali. Kutoka Kigali hadi mpaka wa Gatuna ni kilomita kama 80, na ukishavuka, Kabale nilikosomea sekondari si mbali. Hata hivyo, mimi na rafiki yangu tulikaa karibu miaka sita bila kuonana.

Ni yeye aliyenifundisha matatu. Sizungumzii magari ya abiria ya Nairobi, bali mchezo wa karata unaopendwa sana Uganda. Utamu wake ni mkiwa wawili. Kila mmoja hupewa karata saba, na hutupa karata inayolingana na iliyo juu kwa namba au kwa alama. Ukitupa mbili, mwenzako anaokota mbili. Ukitupa nane, anakosa zamu. Ukitupa ree, unachagua alama mpya. Chini ya fungu hulazwa karata moja ikiwa wazi, ndiyo ya kukatia. Mwenye saba ya alama hiyo akiitupa, mchezo umekwisha papo hapo: pointi zinahesabiwa, mwenye chache anashinda. Kwa hiyo unacheza huku ukimchungulia mwenzako usoni, ukijiuliza kama anayo.

Mwishoni mwa Februari 2019 nilikuja Kigali kumzika bibi yangu. Nilimwachia rafiki yangu begi na karata zetu, nikamwambia narudi Jumatatu. Siku zile zile mpaka ukafungwa. Nikatafutiwa shule Kigali. Mwaka uliofuata ikaja korona. Mpaka ulipofunguliwa tena, tarehe 31 Januari 2022, kila mmoja wetu alikuwa na njia yake.

Tulichobaki nacho ni matatu ya kwenye simu. Tulicheza usiku, na mimi niliandika matokeo katika daftari: 41 kwangu, 17 kwake. Mara nyingi alikuwa akipotea katikati ya mchezo, nami nikajihesabia ushindi. "Umekimbia tena, mwoga wewe," nilimwandikia. Alijibu kwa kikaragosi kinachocheka, na mimi niliamini anacheka.

Desemba 2024 alishuka Nyabugogo na mkoba mmoja. Nikampeleka Biryogo, mtaa ambao Kiswahili hakijawahi kuwa somo la darasani tu. Tulipoletewa chai na chapati, akatoa karata zile zile, zimefungwa kwa mpira. Saba ya kopa ilikuwa imepotea. Badala yake kulikuwa na kipande cha boksi, mioyo saba imechorwa kwa kalamu nyekundu.

Nilipoanza kugawa nikajitia ualimu. Nikamwambia kwamba shupaza, kopa, uru na pau, hata neno karata lenyewe, yametoka kwa Wareno. Yeye Kiswahili chake amekiokota kwa madereva wa malori. Akanisikiliza, kisha akaniambia, "Haya mwalimu, tupa karata."

Akanifunga michezo minne mfululizo. Kwenye simu nilizoea kutazama karata tu. Hapa kulikuwa na macho yake, vidole vyake, na ule utulivu uliokuwa ukinitisha tangu Kabale. Nikamuuliza kwa mzaha, "Mbona kwenye simu ulikuwa unakimbia?"

Hakuinua macho. Akasema simu ilikuwa ya kaka yake. Ama kaka aliitaka, ama bando liliisha. Baba yake alikuwa akipakia na kupakua mizigo Katuna, upande wa pili wa Gatuna. Malori yalipoelekezwa Kagitumba, kazi ikafa. Yeye mwenyewe aliacha shule kidato cha tatu. Miaka yote hiyo mimi nilimsimulia mitihani yangu na chuo changu, wala sikuwahi kumuuliza anasoma wapi.

Nikawaza lile daftari la 41 kwa 17. Nikawaza neno mwoga.

Tulikuwa katikati ya mchezo wa tano. Karata ya kukatia ilikuwa kopa, na kipande cha boksi kilikuwa mkononi mwake. Kilionekana hata kwa nyuma, hakikuwa siri. Alama iliyokuwa juu ilikuwa kopa pia. Angeweza kunikata, lakini alitupa karata nyingine. Zamu iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Alikuwa ananisubiri.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikuita mwoga, na sikukuuliza kitu."

"Na mimi sikukwambia," akasema. "Nilitaka kuwe na mahali pamoja ambapo mimi si yule aliyeacha shule."

Tukanyamaza. Chai ilikuwa imepoa. Mkononi nilikuwa nimebakiwa na mfalme, malkia na mbili, mzigo mkubwa wa pointi. Nikatupa malkia wa kopa, kwa sababu sikuwa na kingine cha kutupa.

"Nimekusikia, ndugu yangu," akasema, akaiweka saba ya boksi juu yake, polepole. "Hesabu pointi zako."

Ilikuwa tano bila. Siku ya tatu nilimsindikiza Nyabugogo. Karata aliziacha kwangu, akasema safari hii ni zamu yangu kuzirudisha. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia, na nauli nimeshaanza kuiweka.