Kidonda cha Mzee Hakifichwi

Mara nyingi mtu huulizwa hali ya mzee wake aliyelala kitandani, naye hujibu, "Alhamdulillahi, hajambo," ilhali mgongoni mwa mzee huyo mna kidonda kinachozidi kuchimbika. Kushukuru ni wajibu, lakini jibu hilo halimfai daktari, wala halimfai mtoto aliye mbali.

Ami yetu alikaa miaka 2 katika nyumba ya wazee, nasi tulikuwa tukimzuru kila Ijumaa baada ya sala. Mwuguzi mmoja wa hapo alitufunza jambo ambalo hatukulisoma chuoni. Mtu asiyeweza kujigeuza, ngozi yake hubanwa baina ya mfupa na godoro, damu isipite, nyama ikafa: kwenye kitokono, nyongani na visiginoni. Kwa hiyo wengi wao hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Tukawakumbuka Watu wa Pangoni, ambao Suratul Kahf, aya ya 18, yaeleza kuwa Mwenyezi Mungu aliwageuza kuumeni na kushotoni.

Akatuambia tena: ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi, basi ipapaseni. Ikiwa na joto au ngumu kuliko ya kando yake, semeni kabla haijachanika. Ikisha chanika, pimeni urefu, upana na kina. Tazameni rangi, harufu, usaha na maumivu. Andikeni na tarehe. Neno "kimezidi" halimsaidii daktari. "Juzi sentimita 3, leo 5, na usaha wanuka," hilo humfanya ainuke kitini. Na homa ikipanda, au mzee akianza kupotewa na maneno, kusingojewe kesho.

Siku kidonda cha ami kilipogeuka, mwuguzi yule alimpasha daktari, kisha kwa idhini ya ami akampigia simu mwanawe aliyeko Maskati. Wako jamaa waliomlaumu: ya nini kumtia kijana simanzi? Sisi twaona alitenda haki. Habari ya kidonda ni amana. Mwenyewe ni mgonjwa, kisha watu wake. Kijana alikuja, akamwosha babake kwa mikono yake siku 11 kabla hajafa. Angalifichwa, angalikuja kuzuru kaburi tu.

Basi enyi vijana, mwendapo kuwatazama wazee, msitosheke na salamu za mlangoni. Ombeni ruhusa, funueni shuka kwa adabu, tazameni, kisha semeni mlichokiona, bila kupunguza wala kuzidisha.