Nyari ya Marafa: Shuka Kwanza, Upande Baadaye

Msomaji, ukiwa Malindi na watoto, usiishie ufuoni. Vuka daraja la Mto Sabaki, ushike njia ya Marafa, mwendo wa kilomita 40 hivi, ukafike Nyari. Wagiriama husimulia kwamba hapo waliishi matajiri waliooga maziwa, hata ardhi ikawameza. Wataalamu wasema ni mvua na upepo uliokula mawe laini ya mchanga.

Mlima hupandwa kwanza. Nyari hushukwa kwanza, kati ya minara myekundu na myeupe. Kupanda ndiko kwenye jasho! Nenda alasiri, maana adhuhuri bondeni ni tanuri. Mchukue kijana wa pale akuongoze. Mvua ikiwa imenyesha, ahirisha: kingo bado zamomonyoka, na mtoto asisogee ukingoni kupigwa picha.