Sauti Iongozayo Eksirei

Ajabu ya eksirei ni ukaidi wake. Wilhelm Röntgen, aliyeigundua mjini Würzburg mwaka 1895, aliipitisha katika miche na lenzi asiione ikipinda. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kuwa safu za atomi katika fuwele huitawanya kwa mpango. Lakini fuwele tulivu haina hiari: hutawanya vile vile asubuhi na jioni. Hapo ndipo shauku yangu inapoanza.

Juu ya uso laini wa fuwele ya lithi niobati hutandazwa nyuzi za madini zilizopishana mithili ya meno ya machanuo mawili. Umeme ugeukao mamilioni ya mara kwa sekunde ukitiwa humo, fuwele hutikisika, na sauti isiyosikika huenea usoni pake kwa mwendo wa karibu kilomita 4 kwa sekunde. (Mawimbi ya uso Lord Rayleigh aliyaeleza mwaka 1885, kabla eksirei haijajulikana!) Kimo cha mikunjo yake huhesabiwa kwa sehemu za milioni za milimita, hata hivyo mwali uiangukiao huchipuza matawi kando yake. Zidisha wepesi wa mitetemo, matawi hutanuka. Nyamazisha sauti, hutoweka.

Rafiki yangu, mpenzi wa ushairi, aliniuliza faida yake. Nilimjibu kuwa mitambo mikubwa ya eksirei hutoa mapigo mengi mno kwa sekunde, na magurudumu ya chuma huyachuja kwa taabu. Atakaye kutazama sumaku ikigeuka huhitaji pigo moja, mengine yakae kando.

Akaniomba nimchoree yale machanuo.