Jumba la Hukumu la St. Louis

Katika mji wa St. Louis, nchi ya Marekani, karibu na ukingo wa mto Mississippi, liko jumba la kale lililokuwa baraza la hukumu la wilaya. Lina mbawa nne zenye nguzo za namna ya Kiyunani, na katikati imeinuka kuba kubwa mno.

Kiwanja kilitolewa mwaka 1816 na mabwana wawili, Auguste Chouteau na John Lucas. Nyumba ya kwanza, ya matofali, ilimalizika 1828. Lakini mji ukakua upesi, ikawa ndogo. Mwaka 1839 Henry Singleton akaanza jumba jipya, na ile ya zamani ikawa ubawa wake wa mashariki, hata baadaye ikabomolewa.

Ngazi zake si za kupitwa kwa moyo mwepesi. Mtu alipokufa, mali yake iliweza kunadiwa hapo kwa amri ya baraza, na watumwa wake wakihesabiwa katika mali. Lakini ndani ya jumba lilo hilo mtumwa aliruhusiwa na sheria ya Missouri kudai uhuru wake. Mwaka 1846 Dred Scott na mkewe Harriet wakashitaki, kwa kuwa walikwisha kukaa katika nchi isiyo na utumwa. Walishindwa 1847. Wakarudi, na mwaka 1850, katika chumba cha ubawa wa magharibi, wazee wa baraza wakawapa uhuru. Mwaka 1852 mahakama kuu ya jimbo ikaitangua hukumu hiyo, na 1857 mahakama kuu ya nchi nzima ikatamka kwamba mtu mweusi wa uzao wa watumwa hawezi kuwa raia. Mwezi Mei mwaka ule ule bwana mmoja, Taylor Blow, akawaandikia uhuru katika jumba hilo. Dred akafa 1858.

Chumba chenyewe hakipo tena. Mwaka 1855 kiligawanywa, ujia ukapitishwa katikati, na apitaye huenda asijue amekanyaga wapi. Kuba ya chuma ya William Rumbold ndiyo isifiwayo na wengi. Ni kazi ya fundi hodari, sikatai; ila mimi ningalipenda zaidi chumba kile kihifadhiwe.

Mahakama zilihama 1930, na sasa jumba ni makumbusho. Tangu 2012 sanamu ya Dred na Harriet imesimama nje, wote wawili pamoja.