Mkwaju wa Mwisho

Kariakoo ni nadra kufika dukani peke yako. Mtaa wa Kongo, winga anakuuliza: "Dada, unatafuta nini?" Ukimtajia kiatu, anapotelea kwenye ghorofa usilolijua, anarudi na saizi yako. Unamlipa yeye. Duka hulijui, nalo halikujui. Anaongeza cha juu kwenye bei. Ndio mshahara wake.

Nginx, programu aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Inasimama mlangoni, inapokea ombi la mteja, inalipeleka kwa seva iliyo nyuma, inarudi na jibu. Mdogo wangu ni winga. Nilipomweleza alicheka: "Kwa hiyo dada unalipwa kuifundisha kompyuta uwinga?"

Tajiri mmoja wa viatu alinipa kazi ya tovuti. Kila winga, mdogo wangu akiwemo, alipata linki yake ya kusambaza WhatsApp: /w/jina/viatu. Programu ya duka inaelewa /viatu tu, hivyo njia lazima iandikwe upya katikati. Ndani ya `location /w/jina/`, ukiandika `proxy_pass http://127.0.0.1:3000;` njia nzima inapita ilivyo, na duka linajibu kwamba halina ukurasa huo. Ukiongeza mkwaju baada ya 3000, Nginx inakata /w/jina/ na kupeleka /viatu. Ukurasa unafunguka.

Ila kinachokatwa hapo ni jina la mtu. Oda inafika bila kuonyesha nani kaleta mteja, na kamisheni inakosa mwenyewe. Nusu ya kodi ya chumba chetu inatoka kwenye uwinga. Tajiri hakuona tatizo: "Si mteja kaja mwenyewe?"

Niliongeza mstari mmoja: `proxy_set_header X-Winga jina;`. Njia inakatwa kama kawaida, lakini jina linasafiri pembeni ya ombi. Kwenye programu ya duka nikaongeza sehemu ya kulihifadhi pamoja na oda.

Tajiri aliutazama mstari huo kwenye skrini yangu.

"Ukiufuta, duka linaendelea kufanya kazi?"

"Litafanya kazi vilevile, bosi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema niuache hadi mwisho wa mwezi, aone hesabu.