Mwili Uliofungiwa katika Macho ya Wengine

Yako magereza yasiyo na kuta wala mlinzi. Mwanamke aweza kuishi ndani yake miaka mingi, akipika, akicheka, akipokea wageni, pasipo mtu kutambua kwamba amefungwa. Kilio cha samaki, walisema wahenga, machozi huenda na maji.

Mchoraji Jenny Saville, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1970, ameyafanya magereza hayo yaonekane. Katika picha yake Propped, ya mwaka wa 1992, mwanamke mnene ameketi uchi juu ya kigoda kirefu chembamba, na vidole vyake vimezama katika nyama ya mapaja yake. Je, anajishikilia asianguke, au anajizuia asitoke? Juu ya picha yamekwaruzwa maneno yaliyoandikwa kinyume. Alipoionyesha, mchoraji aliweka kioo mbele yake: aliyetaka kuyasoma ilimpasa kutazama kioo, na humo akajiona mwenyewe pamoja na mwanamke yule. Mtazamaji naye akawa ndani ya picha.

Mwaka uliofuata alichora Plan. Tumbo na mapaja ya mwanamke yamezungushiwa mistari kama ya milima katika ramani, mfano wa ile anayoichora daktari kabla ya kunyonya mafuta mwilini. Kisha, mwaka wa 1995 na 1996, yeye mwenyewe alijilaza juu ya kioo, na Glen Luchford akampiga picha kutoka chini. Nyama imebanwa hata umbo limepotea.

Picha hizi hazituburudishi, wala hazitutamanishi. Zatuuliza ni nani anayechora mistari. Kwetu pia mwanamke hupimwa: amenenepa, amekonda, ni mweusi mno, hajazaa, amezaa wasichana tu. Twasema kwa mzaha, naye hucheka pamoja nasi. Lakini usiku hujipaka dawa ya kuchubua ngozi, au hujitazama kwa chuki, na neno letu limekwisha kuwa ukuta.

Sisi tunaofundishwa kwamba mwili ni hekalu, mara nyingi twaishia kukagua kuta zake, tukamsahau anayekaa ndani. Basi, juma hili tukikutana na mama au dada yetu, tumwulize kwanza habari za moyo wake, na tungoje jibu. Juu ya mwili wake, tunyamaze.